Mtumishi Aliye Ndani ya Bawa

Ukisimama Skuta, katika mji wa Nyeri, asubuhi ambayo ukungu umekwisha kuondoka, utauona Mlima Kenya upande wa mashariki na safu ya Nyandarua upande wa magharibi. Kati ya milima hiyo ipo anga pana, na katika anga hiyo watu wa nchi hii wameziona ndege za kila namna: ndege za vita, ndege za watalii, na siku hizi ndege ndogo zisizochukua mtu, zinazoongozwa kwa mawimbi ya redio kutoka chini. Insha hii yahusu ndege hizo ndogo, na hasa kitu kimoja kilicho ndani yake, ambacho aghalabu hakizidi kibiriti kwa ukubwa. Mafundi hukiita sevo. Nataka nikuonyeshe, msomaji, kitu hicho kilitoka wapi, kwa nini huchakaa, na jinsi inavyopasa kukibadilisha kikiharibika. Huenda ukadhani kwamba hayo ni mambo ya mchezo tu. Lakini historia ya kuruka ni historia ya kutii: chombo kisichotii hakina faida, hata kikiruka juu namna gani.

Wale waliotangulia kujaribu kuruka walidhani kwamba kazi kubwa ni kupaa. Mwaka 1896 mtaalamu wa Marekani, Samuel Langley, alirusha mfano wa ndege uliokwenda kwa nguvu za mvuke juu ya mto Potomac, nao ukasafiri karibu kilomita 1 kabla ya kutua majini. Lilikuwa jambo la ajabu. Walakini chombo kile hakikuwa na mtu ndani yake, wala hapakuwa na njia ya kukiamrisha. Kilikwenda kama mshale: ukisha kutoka upindeni, mwenye upinde hana la kufanya ila kutazama. Mwaka huo huo Otto Lilienthal wa Ujerumani, aliyekuwa ameruka mara nyingi kwa mabawa yasiyo na injini, alianguka akafa. Yeye alikuwa akikiongoza chombo chake kwa kuuyumbisha mwili wake huku na huku, na siku ile nguvu za mwili hazikutosha. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walizisoma habari zake, wakatambua kwamba mwenye kutaka kuruka hana budi kujifunza kuongoza kwanza. Waliporuka kwa injini tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk, ushindi wao haukuwa wa injini peke yake. Ulikuwa pia ushindi wa nyaya na vibao vilivyoutii mkono wa rubani.

Lakini mkono wa mtu una kikomo chake, na jambo hilo mabaharia walikuwa wamekwisha kulijua. Meli ya Great Eastern, ambayo katika siku zake ilizipita meli nyingine zote kwa ukubwa, ilikuwa na usukani mzito mno. Katika miaka ya 1860 iliwekewa mtambo wa mvuke uliobuniwa na John McFarlane Gray ili umsaidie nahodha kuugeuza. Ajabu ya mtambo huo haikuwa nguvu zake, kwani mvuke una nguvu siku zote. Ajabu yake ni kwamba uliugeuza usukani kwa kadiri ile ile ambayo mtu amezungusha gurudumu, kisha ukasimama wenyewe. Mwaka 1873 fundi wa Ufaransa, Joseph Farcot, alitoa kitabu juu ya mitambo ya namna hii, akaipa jina lililotokana na neno la Kilatini *servus*, yaani mtumwa au mtumishi. Ndiyo asili ya neno sevo.

Fikiri kidogo juu ya jina hilo. Ukimtuma mtu kisimani alete maji nusu ndoo, hutaki mwenye nguvu tu. Wataka mwenye kutazama ndani ya ndoo, na kuacha kuteka maji yafikapo nusu. Sevo ni mtumishi wa namna hiyo. Hutenda alivyoambiwa, kisha hujipima mwenyewe kama ametenda sawasawa. Akipungukiwa huongeza; akizidisha hurudi nyuma.

Baada ya mtumishi kupatikana, alitakiwa mjumbe wa kumpelekea amri kutoka mbali. Mjumbe huyo ni mawimbi ya redio, ambayo wazee wetu waliyaita simu ya upepo. Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyogeuka na kuwasha taa zake kwa amri iliyopita hewani, bila waya wowote. Mwaka 1935 Waingereza walianza kutumia ndege iliyoitwa Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Ilikuwa ndege ya kadiri ya kawaida, ya ukoo wa Tiger Moth, lakini iliweza kuruka bila rubani, ili wapiga mizinga wajifunze shabaha. Mwongozaji alikaa chini akitoa amri kwa redio, na ndani ya ndege watumishi waliosukumwa kwa nguvu za hewa wakaugeuza usukani. Baadaye kidogo Wamarekani walipounda ndege zao za namna hiyo, waliziita kwa jina la dume la nyuki katika lugha yao, nalo ndilo jina tunalolitamka leo tukisema droni.

Katika miaka hiyo hiyo vijana wapenda ufundi walikuwa wakijaribu jambo hilo kwa vitu vidogo. Mwaka 1937 ndugu mapacha wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege ya mfano iliyoongozwa kwa redio, na ndege hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Kwa miaka mingi baadaye vijana wenye fedha kidogo walitumia mpira uliosokotwa. Kila pigo la redio liliufungulia mpira nafasi ndogo ya kuzunguka, na usukani ukaruka kushoto, au katikati, au kulia, pasipo hatua yoyote baina ya hizo. Ilikuwa kama kuendesha baisikeli ambayo usukani wake haujui ila kwenda mbele au kupinda kabisa. Ni katika miaka ya 1960 ndipo zilipoenea sevo za umeme zilizoweza kufuata kidole cha mwongozaji: kidole kikisogea kidogo, usukani husogea kidogo, kikisogea sana, nao husogea sana.

Sasa tulifungue sanduku la sevo tuone yaliyomo. Kwanza ipo mota ndogo ya umeme, izungukayo kwa kasi sana lakini isiyo na nguvu nyingi. Pili yapo magurudumu ya gia, ya plastiki au ya chuma, ambayo hupunguza kasi na kuongeza nguvu, mpaka mhimili wa mwisho ugeuke polepole kwa nguvu ya kutosha. Juu ya mhimili huo hufungwa mkono, na mkono huvuta au husukuma waya uendao mpaka kwenye kibao cha bawa au cha mkia. Tatu kipo kipimo kidogo kilichoshikamana na mhimili. Kazi yake ni kusema mkono uko wapi. Nne lipo bamba la umeme, ambalo ndilo akili ya mtumishi huyu. Amri huja kwa mapigo ya umeme, kwa kawaida kama 50 kila sekunde. Pigo likidumu sehemu 1.5 za elfu moja za sekunde, mkono husimama katikati. Likikaribia sehemu 1, hugeukia upande mmoja. Likikaribia sehemu 2, hugeukia upande wa pili. Bamba hulinganisha amri na habari za kipimo, na mota huzunguka mpaka mambo hayo mawili yapatane.

Kabla ya kuingia katika kazi ya matengenezo, yatupasa kurudi Nyeri, kwa maana vyombo vya namna hii havikuletwa katika nchi isiyojua habari za ndege. Mwaka 1953, wakati wa vita vya Mau Mau, ndege za Harvard za Jeshi la Anga la Uingereza ziliwekwa Mweiga, kaskazini ya mji wa Nyeri. Kutoka uwanja ule ziliruka kwenda kudondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Ndege kubwa zaidi, aina ya Lincoln zenye injini 4, zilitoka Eastleigh, Nairobi. Watu waliokuwa chini hawakuwa na neno la kusema juu ya chombo kile. Waliusikia mngurumo wake tu, wakangoja. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Nyandarua, alikamatwa karibu na Nyeri mwezi wa Oktoba mwaka 1956, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa.

Leo, katika barabara ile ile itokayo Nyeri kwenda Mweiga, pana Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Kilianza kama chuo cha ufundi, na mwaka 2012 kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Miongoni mwa masomo yake ni uhandisi wa mekatroniki, yaani elimu inayounganisha mashine, umeme na hesabu ya kompyuta; na sevo ni kama alifu ya elimu hiyo. Tena, mwaka 2013 hifadhi ya wanyama ya Ol Pejeta, karibu na Nanyuki, ilitangaza mpango wa kutumia ndege isiyo na rubani ili kuwalinda vifaru na majangili, ingawa baadaye serikali ilivizuia vyombo hivyo mpaka zitungwe kanuni. Hebu pima mabadiliko hayo, msomaji. Wajukuu wa wale waliojificha chini ya miti wakisikiliza mngurumo wa ndege ndio wanaojifunza leo namna ndege inavyoamrishwa. Lakini kujua kuamrisha ni nusu ya elimu. Nusu ya pili ni kumtunza mtumishi anayeipokea amri.

Sevo huchakaa kwa sababu nyingi. Ndege ikianguka, au kibao chake kikigonga ardhi wakati wa kutua, meno ya gia za plastiki hukatika. Vumbi jekundu la barabara zetu likiingia katika gia husaga meno polepole. Kipimo cha ndani husuguliwa mahali pamoja, hasa pale katikati ambapo mkono hukaa muda mwingi, hata mwisho hutoa habari za uongo. Ndipo mkono huanza kutetemeka bila kuamriwa. Mota nayo huungua ikilazimishwa kusukuma kitu kilichokwama.

Dalili zake mtu mwangalifu huzitambua mapema. Iwashe ndege ikiwa mezani, lakini kwanza iondoe rafardha, maana rafardha ikizunguka ghafula hukata vidole. Kisha usikilize. Sevo inayolia mfululizo hali haijaamriwa kitu inapigana na jambo fulani. Kishike kibao kwa vidole viwili ukitikise kwa upole. Kikicheza huku na huku, ama meno yamelika, ama tundu la mkono limepanuka. Usogeze mkono wa sevo polepole kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Ukirukaruka njiani, yaelekea kuna jino lililovunjika au kipimo kilichochakaa. Wala usihukumu kabla ya ushahidi. Ichomoe sevo inayoshukiwa, uichomeke mahali pa sevo nyingine iliyo nzima. Ikitenda vyema huko, kosa halimo ndani yake bali katika kipokezi au katika waya.

Wengi huziona dalili hizo wakasema, "Itaruka mara moja tu tena." Neno hilo limeua watu katika ndege kubwa. Tarehe 31 Januari 2000 ndege ya Alaska Airlines, safari namba 261, ilianguka baharini karibu na pwani ya California, na watu wote 88 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi waliona kwamba skrubu kubwa iliyokisogeza kibao cha mkia haikutiwa grisi ya kutosha. Nati yake ikalika hata nyuzi zake zikakatika, na marubani hawakuweza tena kuiongoza ndege. Injini zilikuwa nzima na mabawa yalikuwa mazima; kilichokufa ni kiungo kimoja cha kutii. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini angani hata nafasi ya kujenga ukuta haipatikani.

Basi, kama sevo imeharibika, ifanyeje? Ikiwa meno ya gia tu ndiyo yaliyovunjika, na mota na kipimo ni vizima, yaweza kupatikana seti ya gia mpya kwa bei ndogo kuliko sevo nzima. Hapo fungua parafujo za chini, inua kifuniko, na uchore katika karatasi jinsi gia zilivyopangwa kabla ya kuigusa hata moja. Ondoa kila kipande cha jino kilichovunjika, kwa kuwa kimoja kikibaki kitayavunja na meno mapya. Tia grisi kidogo, kisha funga. Lakini ikiwa mota imeungua, au mkono unatetemeka kwa ajili ya kipimo kibovu, badilisha sevo nzima.

Sevo mpya na ilingane na ya zamani kwa mambo manne: ukubwa, uzito, nguvu ya kusukuma, na umeme inaoutaka. Ikiwa waya wa sevo umepita ndani ya bawa, usiuvute ovyo. Funga uzi katika ncha ya waya wa zamani kabla ya kuutoa. Waya ukitoka, uzi utabaki ndani ya bawa, nao utauvuta waya mpya upite njia ile ile. Kisha, kabla ya kuufunga mkono, iunganishe sevo mpya na kipokezi, washa umeme, na uiache isimame katikati. Hapo ndipo uuweke mkono, ukifanya pembe mraba na waya wa kusukumia. Mtu akiufunga mkono kwanza na kuwasha baadaye, atakuta umekaa upande, na kibao kitapinda zaidi upande mmoja kuliko wa pili. Angalia pia kwamba mikono ya watengenezaji mbalimbali haifanani: mhimili wa mmoja una meno 23, wa mwingine 24, na wa mwingine 25. Mkono usio wake ukilazimishwa utaingia, walakini utateleza siku ya upepo. Viraba vidogo vinavyokuja pamoja na sevo si pambo. Huizuia mitetemo ya injini isifike katika gia, kwa hiyo usizikaze parafujo mpaka raba zipondeke.

Ukisha kumaliza hayo usiseme kazi imekwisha, maana sehemu iliyo ya lazima kuliko zote ingalipo. Sevo mpya yaweza kugeuka upande wa kinyume cha ile ya zamani. Simama nyuma ya ndege na utoe amri ya kwenda kulia: kibao cha bawa la kulia sharti kipande juu, na cha kushoto kishuke. Toa amri ya kupanda: kibao cha mkia sharti kiinuke. Ndege iliyofungwa kinyume humwangusha hata fundi hodari, kwa sababu kadiri anavyojitahidi kuiokoa ndivyo anavyozidi kuiangamiza. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Boeing walikuwa wakiwaonyesha wakuu wa jeshi la Marekani ndege mpya kubwa yenye injini 4. Vibao vyake vilikuwa vimefungwa kwa kufuli ili upepo usivipige uwanjani, na hakuna aliyekumbuka kuvifungua. Ilipaa, ikainua pua mno, ikaanguka, na watu 2 wakafa kwa majeraha. Marubani wale walikuwa mahodari. Kutokana na msiba huo ilienea desturi ya kusoma orodha ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka, desturi ambayo marubani wa dunia nzima huifuata hata leo. Nawe uwe na orodha yako katika daftari: tarehe ya kubadilisha, sevo ya bawa lipi, imegeuka upande gani. Na ikiwa sevo ya bawa la kulia imechakaa kwa uzee, ikague na ya kushoto, kwa kuwa zimefanya kazi saa zile zile.

Kuna jambo moja zaidi. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 juu ya vyombo vya angani visivyo na rubani zilitaka vyombo hivyo visajiliwe, na ruhusa ipatikane kutoka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Vijana wengine huyaona hayo kama bughudha. Lakini mfikirie mama apitaye njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, wakati ndege yako yenye uzito wa kilo 2 inapopita juu ya kichwa chake. Yeye hajui sevo ni nini. Hajui kama meno ya gia ni mazima, wala kama jana uliusikia mlio ukaupuuza. Usalama wake umo ndani ya kijisanduku kile ulichokifunga kwa mkono wako, naye hana njia ya kukifungua akague. Kwa sababu hiyo fundi mwema hukagua kwa niaba yake; na akiona shaka, hata ikiwa ndogo, huiacha ndege mezani mpaka mtumishi mpya apatikane.